Uhalifu na adhabu katika Misri ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapoguswa mada ya Mafarao, maswali ni yale yale: mwizi alikatwa mkono? jela zilikuwepo? Farao aliua watu ovyo? Hapa tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Mengi yanahusu kipindi kiitwacho Ufalme Mpya, takriban 1550 hadi 1070 KK, kwa sababu ndicho kilichotuachia nyaraka nyingi za mahakama.

## Mambo ya msingi

Je, Wamisri wa kale walikuwa na kitabu cha sheria kama Hammurabi wa Babeli?

Hakuna kilichopatikana kutoka enzi za Mafarao. Katika kaburi la waziri Rekhmire, aliyemtumikia Thutmose III, kuna mchoro wa ukumbi wa hukumu wenye vitu 40 vilivyotandazwa mbele ya waziri. Wataalamu wamevutana kwa miaka mingi: wengine wanasema ni hati za sheria, wengine wanasema ni fimbo za ngozi.

Kilichobaki ni amri za wafalme. Ya Horemheb imechongwa kwenye jiwe kubwa huko Karnak, na inawalenga zaidi watumishi wa serikali na askari walionyanyasa raia. Ya Seti I imechongwa kwenye mwamba huko Nauri, katika Sudan ya leo, na inalinda mali ya hekalu la Osiris, mungu wa wafu, la Abydos. Amri hizi zinataja kosa na adhabu yake waziwazi, ila kila moja ina eneo lake dogo. Kwingineko hakimu alitegemea desturi, kesi zilizotangulia na maat, yaani haki na utaratibu wa ulimwengu ambao hata Farao alipaswa kuutunza.

Sasa haya yote tunayajuaje?

Sehemu kubwa inatoka kijiji kimoja: Deir el-Medina, ng'ambo ya magharibi ya Nile mbele ya Thebes, mji unaoitwa Luxor leo. Waliishi hapo mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya wafalme. Wengi walijua kusoma kuliko wanakijiji wa kawaida, na walikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye vigae na vipande vya mawe ya chokaa: nani kakopa punda, nani kamtukana nani, nani kaapa atalipa lini. Juu ya hayo kuna hati za mafunjo za kesi kubwa za serikali.

Kwa hiyo unaposoma mahali kwamba "Wamisri walifanya hivi", jiulize kwanza: Wamisri wepi? Mkulima wa kule Delta, kaskazini Nile inapoingia baharini, hakutuachia kigae hata kimoja cha kesi yake. Tunaowasikia ni mafundi wa mfalme na wakubwa.

Nani alikuwa hakimu? Farao mwenyewe?

Mara chache sana. Kesi za kila siku zilisikilizwa na kenbet, baraza la mahali. Kule kijijini lilikuwa na wasimamizi wa mafundi, mwandishi na watu wengine wenye heshima zao. Hawakuwa mahakimu wa kusomea. Leo unachonga ukuta na mwenzako, kesho unakaa kumsikiliza akishitakiwa na shemeji yake.

Juu yake kulikuwa na Kenbet Kuu chini ya waziri, mtu wa pili baada ya Farao. Baraza la kijiji liliweza kuamuru deni lilipwe au mtu achapwe, lakini kosa la kumpeleka mtu kwenye kifo lilipanda kwa waziri, na neno la mwisho lilikuwa la Farao.

Walikuwa na mawakili?

La. Mlalamikaji alijisemea, mshitakiwa alijitetea, mashahidi wakaitwa. Wanawake nao walisimama wenyewe (tazama swali la wanawake hapo chini).

Na polisi?

Walikuwepo, na waliitwa Medjay. Asili yake lilikuwa jina la watu wa jangwani upande wa Nubia, kusini mwa Misri, waliosifika kwa upelelezi na upiganaji. Kufikia Ufalme Mpya jina hilo likawa la kazi, hata kwa Mmisri. Walilinda majangwa na makaburi, wakapeleka ujumbe, wakakamata watu. Kama walikuwa waaminifu kuliko wengine, soma swali la chungu cha mafuta.

## Kesi ilivyoendeshwa

Kiapo kilikuwa na uzito gani?

Mkubwa kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Mtu aliapa kwa uhai wa Amun, mungu mkuu wa Thebes, na wa Mtawala, yaani Farao, akataja mwenyewe adhabu itakayompata akibainika kusema uongo au akivunja ahadi: viboko 100, kukatwa pua na masikio, kupelekwa Kushi, yaani Nubia. Kesi nyingi za madeni ziliishia hapo hapo, na kiapo kikaandikwa.

Kesi ya Heria inaonyesha kiapo kikimgeukia aliyekila. Katika mwaka wa 6 wa Seti II, fundi aitwaye Nebnufer alilalamika kwamba patasi yake imeibwa. Alikuwa ameizika ndani ya nyumba yake. Heria, mwanamke wa kijiji hicho, akaulizwa: umeiba wewe? Akajibu hapana. Uko tayari kuapa? Akaapa kwa Amun. Baraza likatuma mtu akapekue nyumbani kwake, patasi ikakutwa imefukiwa, na pamoja nayo vyombo vya ibada vya Amun. Hapo kesi ikabadilika. Patasi ya jirani peke yake ingemalizwa kwa kurudisha na kulipa zaidi. Mali ya mungu pamoja na kiapo cha uongo kwa jina la mungu huyo huyo ni jambo jingine: baraza likasema anastahili kifo, na shauri likapelekwa kwa waziri.

Ni kweli washitakiwa walipigwa ili waseme?

Ndiyo, na waandishi hawakuona haya kuliandika. Kwenye kesi za wizi wa makaburi mwishoni mwa Ufalme Mpya maneno yanajirudia ukurasa baada ya ukurasa: alichunguzwa kwa fimbo, mikono na miguu yake ikasokotwa, akaulizwa tena. Mashahidi nao walipigwa. Wapo waliokiri, na wapo waliopigwa mara ya pili na ya tatu wakashikilia kwamba hawakuona kitu, na baadhi ya hawa waliachiliwa.

Kumbukumbu hizi ndizo zinazonifanya nisikubaliane na wanaosema Misri ya kale ilikuwa na mfumo wa haki "wa kisasa". Ulikuwa na maandishi, mashahidi na upekuzi, sawa. Lakini fimbo ilitangulia maswali.

Nimesikia sanamu ya mungu ilitoa hukumu. Ilikuwaje?

Siku za sikukuu makuhani walibeba mabegani sanamu ya mungu ndani ya kiti au mtumbwi wake. Mtu alisogea mbele na kuuliza. Sanamu ikisogea mbele ni ndiyo, ikirudi nyuma ni hapana. Deir el-Medina walimwendea Amenhotep I, mfalme aliyekwisha kufa na kuabudiwa kama mlezi wa kijiji.

Kuna kesi ya mlinzi wa ghala aliyeibiwa nguo tano. Alisimama mbele ya Amun wa mtaa wake, majina ya watu yakasomwa, na mungu akaitikia lilipofika jina la mkulima mmoja. Mkulima akakana, akaenda kwa Amun wa mtaa mwingine, naye akasema ni yeye. Akaenda kwa wa tatu, mambo yakawa yale yale. Mwishowe akakiri mbele ya watu, akachapwa, na akaapa kwamba akigeuza maneno atupwe kwa mamba.

Usidhani ni mchezo mtupu. Waliobeba sanamu walikuwa watu wa hapo hapo, waliojua fununu zote za mtaa.

## Adhabu

Mwizi alikatwa mkono?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na kwa wizi wa kawaida jibu ni hapana. Mikono inayoonekana imekatwa kwenye kuta za mahekalu ni ya maadui waliouawa vitani. Iliwasaidia waandishi kuhesabu maiti.

Mwizi aliyeiba kwa jirani alirudisha alichoiba na kulipa zaidi, mara nyingi mara mbili au tatu ya thamani yake, na pengine kuchapwa. Aliyeiba mali ya Farao au ya hekalu aliingia kwenye hesabu nyingine kabisa. Amri ya Nauri inasema mchungaji akiuza mnyama wa hekalu atungikwe juu ya mti uliochongwa ncha, mkewe na watoto wachukuliwe na hekalu, na aliyemnunua mnyama huyo alipe 100 kwa 1. Ukikumbuka tofauti hii moja, kwamba adhabu ilipimwa kwa mwenye mali kabla ya kupimwa kwa mali yenyewe, kesi nyingi za Misri zinaeleweka. Heria ni mfano tosha.

Adhabu zipi zilikuwa za kawaida zaidi?

Viboko, hasa 100. Amri ya Horemheb inaongeza majeraha matano yaliyo wazi kwa askari aliyemnyang'anya raia ngozi ya ng'ombe, na ngozi irudishwe. Amri ya Nauri inafika viboko 200. Baada ya hapo kuna kazi za shuluba machimboni na Kushi, kufukuzwa kazi, na kukatwa pua na masikio.

Kwa nini pua?

Kwa sababu haifichiki. Mtu aliyekatwa pua alitembea na hukumu yake usoni popote alipokwenda, sokoni, hekaluni, mbele ya wanawe. Horemheb aliiweka kwa mtumishi wa serikali aliyemnyang'anya maskini mashua yake ya kupelekea kodi: akatwe pua, kisha apelekwe Tjaru, ngome ya mpakani kuelekea Sinai. Angalia anayeadhibiwa hapo ni nani. Si mwizi wa kuku, ni ofisa.

Jela zilikuwepo? Vipi kuhusu gereza la Yusufu?

Zilikuwepo, lakini hazikuwa mahali pa kutumikia miaka mitano au kumi. Mtu aliwekwa ndani akingoja kesi, au akafungiwa ili afanye kazi za serikali. Hati moja ya mafunjo iliyoko Brooklyn, Marekani, imeorodhesha watu waliotoroka kazi za lazima enzi za Ufalme wa Kati, uliotangulia Ufalme Mpya, na inaonyesha jamaa zao wakishikiliwa hadi mtoro apatikane. Gereza Kuu la Thebes lilikuwa zaidi kambi ya kazi na ofisi ya kumbukumbu kuliko msururu wa vyumba vyenye nondo.

Ukisoma kisa cha Yusufu katika Mwanzo au katika Sura ya Yusuf kwa jicho hilo, kinakaa vizuri: wafungwa wa mfalme wamo ndani bila muda uliotajwa, wanangoja neno la Farao. Mmoja anarudishwa kazini, mwingine anatundikwa. Nyaraka za Kimisri zilizopatikana hadi sasa hazimtaji Yusufu mwenyewe.

Firauni alisulubisha watu kama Qur'ani inavyosema?

Katika Qur'ani Firauni anawatishia wachawi walioamini kwamba atawakata mikono na miguu kwa kupishanisha na kuwatundika, na mahali pengine anaitwa mwenye vigingi, neno ambalo wafasiri wengine wamelihusisha na mateso. Nyaraka za Kimisri zinathibitisha adhabu ya kutungikwa juu ya mti uliochongwa ncha: imo katika amri ya Nauri, na katika viapo vya watu walioogopa kufika huko. Alama inayoandikwa mwishoni mwa neno hilo inaonyesha mtu amelala kifudifudi juu ya ncha ya mti, tumbo likiwa katikati. Si msalaba wa Kirumi. Kukata mkono na mguu wa pande tofauti sijakukuta katika kumbukumbu za mahakama zao.

Nani alihukumiwa kifo, na kwa njia gani?

Waliomgusa Farao, hekalu au makaburi ya kifalme. Njia zilikuwa mti wenye ncha, moto, na kwa wakubwa ruhusa ya kujiua wenyewe. Moto ulitisha kuliko vyote: bila mwili hakuna kaburi, bila kaburi hakuna maisha ya baadaye. Ulikuwa unauawa mara mbili.

## Kesi mbili kubwa

Ni kweli makaburi ya Mafarao yaliibwa na Wamisri wenyewe?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, na mara nyingi na watu waliojua njia. Katika mwaka wa 16 wa Ramses IX, karibu 1110 KK, Paser, meya wa Thebes ya mashariki, alidai makaburi ya ng'ambo yanavunjwa. Aliyekuwa na dhamana ya ng'ambo hiyo ni meya wa magharibi, Paweraa, ambaye hakupendezwa hata kidogo. Tume ikaenda, ikakagua makaburi 10 ya kifalme, ikasema moja tu limevunjwa: la mfalme wa zamani, Sobekemsaf.

Maungamo ya mchonga mawe Amenpanefer yamebaki. Anasimulia bila kupepesa: walichimba hadi ndani wakiwa na mienge, wakamkuta mfalme amelala na upanga wake, shingoni hirizi na dhahabu, usoni dhahabu. Wakavua vyote. Wakamkuta na malkia, wakamvua pia, kisha wakachoma majeneza. Wezi walikuwa wanane na dhahabu ilifika deben 160, kila mmoja 20. Deben moja ni kama gramu 91, kwa hiyo ni kilo 14 na ushee.

Alipokamatwa mara ya kwanza, Amenpanefer alimpa mwandishi wa bandari fungu lake lote la deben 20. Akaachiwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamfidia. Kisha wakaendelea na kazi. Hati yenyewe ilikuja kukatwa vipande viwili: sehemu moja iko New York, nyingine iligunduliwa Brussels mwaka 1935 imefichwa ndani ya sanamu ya mbao.

Miaka kadhaa baadaye, chini ya Ramses XI, wizi ukachunguzwa upya. Shahidi mmoja alijitetea kwamba aliona walichofanyiwa wezi enzi za waziri Khaemwaset, sasa yeye atakitafutaje kifo kile? Mwanamke mmoja akaulizwa fedha alizonazo kazipata wapi. Akajibu: niliuza shayiri katika mwaka wa mafisi, wakati wa njaa. Jibu hilo linaeleza hali ya nchi kuliko kurasa kumi za historia.

Ramses III aliuawa kweli?

Hati iliyoko Turin inasimulia kesi ya watu wa nyumba ya wanawake wa mfalme, karibu 1155 KK. Malkia Tiye alitaka mwanawe Pentawere atawale. Walishirikisha wahudumu, waandishi, hata jemadari. Walitengeneza vinyago vya nta vya uchawi. Farao aliteua watu 12 kuhukumu.

Baadhi ya washitakiwa wameandikwa kwa majina yaliyoharibiwa kusudi: mmoja anaitwa Mesedsure, "Ra anamchukia", Ra akiwa mungu wa jua. Kumnyima mtu jina lake kulikuwa sehemu ya adhabu. Wengi waliuawa, Pentawere alipatikana na hatia na akaachwa ajiue.

Halafu inakuja sehemu ambayo ingekuwa kichekesho kama isingekuwa ya damu. Baadhi ya mahakimu walikutwa wakinywa pombe na wanawake walioshitakiwa. Wakashitakiwa wao. Walikatwa pua na masikio, na mmoja alipoachwa peke yake akajiua. Mwingine, Hori, aliishia kukaripiwa.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya picha za tomografia za maiti ya Ramses III: koo lilikatwa hadi mfupani, na waliomhifadhi waliweka hirizi ya jicho la Horus ndani ya jeraha. Kijana asiyejulikana aliyezikwa ndani ya ngozi ya mbuzi, bila kuhifadhiwa kwa heshima, alionekana kwa vinasaba kuwa huenda ni mwanawe. Wengi wanamchukulia kuwa Pentawere.

## Maswali ya pembeni

Mzinzi aliuawa?

Katika hadithi, ndiyo: kuna ngano ya zamani ambamo mke anachomwa moto na mwanamume anamezwa na mamba aliyetengenezwa kwa nta. Mahakamani ilikuwa talaka, hasara ya mali, kiapo na fedheha.

Mchukuzi mmoja wa Deir el-Medina alimkuta fundi Merysekhmet amelala na mkewe. Akaenda kushitaki kwa wakubwa, nao wakampiga yeye viboko 100. Msimamizi Inherkhau akahamaki: inakuwaje mwenye kulalamika achapwe na mwenye kulala na mke wa mtu aachwe? Hapo Merysekhmet akaapishwa kutomkaribia mwanamke yule, vinginevyo akatwe pua na masikio na kupelekwa Kushi. Akarudi kwake, akampa mimba. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemburuza barazani, akaapishwa tena. Pua yake, kwa maandishi yaliyopo, ilibaki.

Mwanamke alikuwa na haki gani mbele ya baraza?

Alishitaki, akashitakiwa, akatoa ushahidi, akamiliki na kurithisha. Naunakhte, enzi za Ramses V, alikwenda barazani akawanyima urithi wake baadhi ya watoto kwa sababu hawakumtunza uzeeni, na baraza likaandika hivyo. Kwa upande wa adhabu, Heria hakupunguziwa chochote kwa kuwa mwanamke.

Na polisi asiyelipa deni?

Ndicho kisa cha chungu cha mafuta. Fundi Menna alimuuzia mkuu wa Medjay, Mentmose, chungu cha mafuta kwa ahadi ya kulipwa shayiri. Hakulipwa. Alishitaki barazani mara tatu, Mentmose akaapa kulipa, akapiga kimya. Menna aliandika malalamiko yake miaka 18 baada ya mauzo. Baraza lilikuwa na sauti. Mkono wa kumshurutisha mkubwa haukuwepo.

Kuua paka kulikuwa kosa la kifo?

Ushahidi unaotajwa ni wa mwandishi Mgiriki Diodorus, aliyetembelea Misri karibu 60 KK, zaidi ya miaka 1000 baada ya kesi zilizosimuliwa hapa, nchi ikiwa chini ya Waptolemi, wafalme wenye asili ya Kigiriki. Anasema aliona kwa macho yake Mrumi aliyeua paka kwa bahati mbaya akishambuliwa na umati nyumbani kwake. Mfalme alituma maofisa wamwombee, na watu wote walikuwa wakiiogopa Roma, lakini hakunusurika. Huo ni umati wenye hasira. Hukumu ya baraza haimo katika simulizi yake.